Nimetoka kuumikwa Ngamiani, nimeambiwa nisiguse maji. Ni kweli au masharti ya kijiweni?

#1 Mgosi_wa_Makorora
Wakuu salaam. Jana jioni nimepigwa hijama ya damu (chuku, unachanjwa chale kisha vikombe vinavuta damu) huku Ngamiani, mgongo na mabega vikombe vitupu, kisa shingo inanikaza kwa hii kazi ya cherehani. Sasa aliyenifanyia kanipa masharti kibao: nisiguse maji mpaka kesho muda kama ule, nisinywe maziwa, nisile nyama wala mayai, nisilale na feni, na mama watoto nimkae mbali. Joto la Tanga mnalijua, nimelala kifudifudi usiku kucha jasho linaingia kwenye chale na mgongo unawasha kama nimelalia upupu. Asubuhi nimeinuka ghafla kidogo nianguke, kizunguzungu. Mke wangu ananiambia nikaoge niachane na mambo ya vijiweni, mama mkwe naye kasema ole wangu, baridi itaingia kwenye mishipa. Nimfuate nani? Na kwa nini hasa maji?

#2 Sigitiba
Swali lako liko hapo kwa mama watoto, maji umesingizia tu.

#3 Ustadh_Mdogo
Waalaykum salaam. Hijama yenyewe imethibiti, ipo kwenye hadithi za Bukhari, shifaa iko katika mambo matatu: funda la asali, mchano wa hijama na kuunguza kwa moto, na hilo la moto Mtume (SAW) kalikataza kwa umma wake. Lakini haya mambo ya maziwa na feni ni uzoefu wa wapigaji, mimi sijasoma pahala yakinasibishwa na Mtume. Sababu ya maji wanayotoa wapigaji wengi ni kwamba vinyweleo vimefunguka na mwili umepoteza joto, ukijimwagia maji ya baridi unapata homa ya mwili. Mimi wateja wangu nawaambia siku moja tu, maji ya uvuguvugu hayana neno baada ya hapo.

#4 Nesi_wa_zamu
Mgosi pole. Niseme nilivyozoea wodini, sio fatwa.
Chale za hijama zikikatwa vizuri ni za juu juu kabisa, ila ni kidonda na mlango wa wadudu uko wazi mpaka ngozi ishikane. Kwa hiyo siku ya kwanza kukaa pakavu ina maana, wala haina uhusiano na baridi kuingia kwenye mshipa. Hata mgonjwa wa upasuaji, mwongozo wa Uingereza (NICE) unaruhusu kuoga shawa baada ya saa 48, na huyo kafunguliwa tumbo. Wewe na vichale vyako ukimaliza siku moja oga, maji safi yanayotiririka, sabuni isiyo na marashi, bila dodoki, afu jikaushe kwa kubonyeza taulo safi, usisugue. Paka vaselini kidogo kidonda kisikauke kikapasuka. Vaa fulana ya pamba ilolegea.
Kwa leo kama jasho limekuzidi chovya kitambaa safi jifute shingo, kwapa, kifua, ruka penye chale. Na washa feni ulale!! kuloa jasho usiku kucha ndio kubaya.
Spiriti usijimwagie kila saa, inaunguza hata ngozi mpya inayoota.

#5 bi_mkubwa_Chumbageni
Nesi mwanangu hujambo. Mie nimeumikwa toka enzi za pembe ya ng'ombe, mzee anavuta kwa mdomo afu anaziba tundu kwa nta, na maji hatukugusa na tukapona. Mkeo anajua nini, msikize mama mkweo.

#6 Kidagaa_mchele
Shikamoo bi mkubwa. Hiyo ya kuvuta kwa mdomo damu haikuingii mdomoni?

#7 bi_mkubwa_Chumbageni
Marahaba. Kavuta yeye, mie nitajuaje.

#8 DumuLaMafuta
Nawasoma tu. Mgosi hebu eleza, damu yako ilitoka vipi? Maana mimi ilitoka nyeusi, mazito, inakatika kama maini, jamaa akanionesha kwenye kikombe akasema hii ndio sumu ya chipsi na soda za miaka yote. Toka siku ile soda nimeacha.

#9 Nesi_wa_zamu
Dumu, soda umeacha vizuri, ila ile sio sumu. Damu yoyote ukiitoa nje ukaiacha dakika kadhaa inaganda, ndio kazi yake, isingekuwa inaganda ungekufa kwa kujikata kiwembe. Na ile rangi ni kwa kuwa imekaa na imepoteza oksijeni. Sumu za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, figo peke yake zinachuja kama lita 180 za maji kwa siku na nyingi zinarudishwa kwenye damu. Kikombe cha hijama ukikaza sana kinatoa vijiko vichache. Piga hesabu mwenyewe.

#10 Ustadh_Mdogo
Nesi nakuheshimu lakini mbona mtu huyo huyo, sindano ya maabara inatoa damu nyekundu na kikombe kinatoa nyeusi? Sisi tunasema ile ya mshipani ni nyingine na ile iliyotuama chini ya ngozi ni nyingine. Ndio maana vikombe vya mwanzo vinatoa nzito na vya mwisho vinatoa nyepesi.

#11 Nesi_wa_zamu
Sindano ya maabara inatoa damu ya vena, nayo ni ya kiza, angalia tyubu vizuri siku moja. Na vikombe vya mwisho vinatoa nyepesi kwa sababu chale zimeanza kuziba, yanayotoka ni majimaji ya tishu zaidi kuliko damu.

#12 Ustadh_Mdogo
Sawa. Sijashawishika lakini tuendelee.

#13 fundi_baiskeli
Turudi kwa mgosi kizunguzungu jamani mnamuua mtu kwa nadharia. Mimi nilitoka hijama nikapanda baiskeli yangu kurudi Mikanjuni, sikuwa nimekula toka asubuhi maana waliniambia niende tumbo tupu, kufika karibu na soko la Mgandini nikaona giza nikaegemea ukuta wa duka la watu. Mama mmoja muuza maandazi kanipa chai ya sukari na andazi, nikakaa, nikawa mzima. Mgosi umekula nini toka jana?

#14 Mgosi_wa_Makorora
Tende na maji tu, niliogopa masharti. Uji wa asubuhi nao una maziwa nikauacha.

#15 fundi_baiskeli
Si ndio hapo!!! Kula mtu wangu. Wali samaki piga, dafu, chungwa za Muheza ziko tele. Umetolewa damu afu unajinyima chakula, kizunguzungu kisikushike wewe kimshike nani

#16 Nesi_wa_zamu
Fundi kasema kweli tupu. Na ukiamka usiruke kutoka kitandani, kaa kwanza ukingoni miguu chini kidogo ndio usimame. Ukiona giza lala, inua miguu. Usiendeshe chombo siku ile. Mgosi unatumia dawa ya presha? Maana wengine presha inashuka kwa pamoja, dawa na damu iliyotoka na jua. Kizunguzungu kikiendelea mpaka kesho, au moyo unaenda mbio ukiwa umekaa, au chale bado zinavuja, hiyo usingoje uzi, nenda kituo cha afya ama hospitali ya Bombo.

#17 Mgosi_wa_Makorora
Presha sina. Nimekula, ahsante. Ila muwasho!! Muwasho ndio unanimaliza.

#18 Sigitiba
Huo jini anatoka, anakwaruza mlango

#19 MachungwaYaMuheza
Sigitiba acha masihara ila kuna watu wanaamini hivyo kabisa, shangazi yangu Muheza akiwashwa tu baada ya chuku anaitisha ubani.
Mgosi walikupaka nini? Mimi nilipakwa mafuta ya habasoda mara tu baada ya kuchanjwa, jioni nimetoka vipele vidogo vidogo mgongo mzima, nikaambiwa ni uchafu unatoka. Nikaacha kupaka, vikanywea. Narudia kupaka, vinarudi. Hapo uchafu uko wapi?

#20 DumuLaMafuta
Habasoda haina madhara mkuu ni dawa ya kila kitu isipokuwa mauti.

#21 MachungwaYaMuheza
Mauti na mgongo wangu.

#22 Nesi_wa_zamu
Habasoda ipo ngozi inaikataa, hasa ikiwekwa juu ya jeraha bichi bila kuchanganywa. Lakini muwasho unaweza kuwa mambo mengi, wala sio lazima mafuta. Kidonda kikipona chenyewe kinawasha, mwili unamwaga histamini pale. Jasho linawasha. Gundi ya plasta inawasha, ukiona alama ya muwasho ina pembe nne kama plasta yenyewe basi umempata mwizi. Na kama walikunyoa vinyweleo mgongoni, vikianza kuota vinachoma. Usijikune, kucha ndio zinaleta usaha. Kitambaa cha baridi kavu juu ya fulana, basi.

#23 bi_mkubwa_Chumbageni
Kitambaa cha baridi tena! Mnataka kumuua mtoto wa watu.

#24 BandarinKwetu
Nimechelewa kikao. Kuhusu maji sababu sio baridi wala wadudu. Sababu ni chumvi, maji ya visima vingi huku pwani yana chumvi chumvi, wazee walikataza kwa sababu yanachoma kidonda, afu kizazi kilichofuata kikasahau sababu kikabaki na katazo.

#25 Sigitiba
Mbona huko milimani Lushoto maji matamu na bado wanakataza?

#26 BandarinKwetu
Waliiga huku.

#27 Ustadh_Mdogo
Ngojeni niongeze jambo litakalowashangaza. Abu Daud kapokea kutoka kwa Bi Aisha (RA) kwamba Mtume alikuwa akioga kwa mambo manne: janaba, siku ya Ijumaa, kwa ajili ya hijama, na baada ya kuosha maiti. Wanazuoni wengi wameidhoofisha sanadi yake (mlolongo wa wapokezi) kwa ajili ya mpokezi mmoja, sawa, lakini kuna mafakihi, wanazuoni wa sheria, waliopendekeza kuoga baada ya hijama kwa msingi huo. Kwa hiyo anayesema dini imekataza maji, aulizwe kaitoa wapi.

#28 Mgosi_wa_Makorora
Ustadh!! Mbona post ya tatu ulisema wateja wako unawaambia siku moja wasioge?

#29 Ustadh_Mdogo
Nawaambia kwa uzoefu, sio kwa dini. Hivyo ni vitu viwili. Na udhu hauna tatizo, mgongo si kiungo cha udhu, na kwa madhehebu ya Shafi tunayofuata wengi pwani damu kutoka namna ile haitengui udhu, kwa Hanafi inatengua.

#30 Kidagaa_mchele
Na swaumu je? Mama yangu anafunga Jumatatu na Alhamisi na anataka kwenda.

#31 Ustadh_Mdogo
Hanbali wanasema inafunguza, jamhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, wakiwemo Shafi wanasema haifunguzi. Lakini kama mtu ni dhaifu aende usiku akishafuturu, aondokane na mashaka. Mama ana sukari?

#32 Kidagaa_mchele
Anayo, anameza dawa.

#33 mwana_wa_Duga
Kidagaa hapo ningoje. Mama yangu ana sukari, kuna kijiwe kimoja (sitaji, kipo hapa hapa mjini) walimchanja miguuni kwa kuwa alilalamika ganzi. Hawakuuliza kitu. Chale mbili kifundoni zikagoma kufunga, zikageuka kidonda, harufu, tukawa tunakwenda kuoshwa zahanati wiki kwa wiki mpaka kipato cha nyumba kikayumba. Miguu ya mwenye sukari haihisi maumivu sawa sawa, kwa hiyo yeye alikuwa anasema haumii, sisi tunashukuru, kumbe kunaoza. Mtu mwenye sukari asichanjwe miguuni, FULL STOP. Na mkishafanya kagueni kila siku kwa macho, msimuulize yeye.

#34 Nesi_wa_zamu
Mwana wa Duga pole sana na ahsante. Naongezea wengine wa kukaa mbali na hijama ya damu: wanaokunywa warfarini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, wenye selimundu, wenye upungufu wa damu, mjamzito. Hata aspirini ya kila siku mwambie mpigaji kabla.
Kukagua: ngozi yetu nyeusi, ule wekundu wanaoandika vitabuni hauonekani vizuri, tumia mgongo wa kiganja chako. Pakiwa pa moto kuliko ngozi ya jirani, pamevimba pakakaza, maumivu yanaongezeka siku ya pili ya tatu badala ya kupungua, usaha, homa, basi hospitali. Na chanjo ya pepopunda waulize ukifika.

#35 kijana_wa_gym
Mimi nilifanya ile kavu bila kuchanja, mabaka meusi ya duara mpaka leo, demu anauliza nimegongwa na nini. Yanatoka lini? Michael Phelps yule muogeleaji nayo alikuwa nayo London 2012 mbona zake zilionekana poa

#36 MachungwaYaMuheza
Ilikuwa Rio 2016 mkuu, sio London. Bega zima la zambarau na siku ile vyombo vya habari viliandika mabaka kuliko kuogelea.

#37 Nesi_wa_zamu
Kavu inapasua vimishipa vidogo chini ya ngozi, damu inavilia, mwili unaifyonza taratibu. Siku chache mpaka kama wiki mbili. Ila kwetu weusi ngozi iliyokereka inaweza kubaki na kivuli miezi, usipake krimu za kujichubua kukimbizana nacho. Kama ukoo wenu mna makovu yanayovimba, keloidi, hijama ya damu fikiria mara mbili, hasa kifuani na mabegani.

#38 kijana_wa_gym
Na kuogelea Raskazone leo jioni?

#39 Nesi_wa_zamu
Wewe huna chale ogelea. Mgosi HAPANA, mpaka zifunge kabisa. Maji ya bahari ya joto yana wadudu wake, kuna bakteria anaitwa Vibrio anapenda sana kidonda kilicho wazi, na akimpata mwenye ini bovu ni hatari ya kufa. Na ile imani ya kwenda kujitumbukiza maji ya moto ya Amboni baada ya chuku nayo muiache kwa sasa.

#40 BandarinKwetu
Bibi yangu alikuwa anasema maji ya chumvi yanakausha kidonda.

#41 Sigitiba
Bandari si wewe ulosema juu wazee walikataza chumvi?

#42 BandarinKwetu
Bibi wa upande mwingine.

#43 nahodha_mstaafu
Hamjambo wanangu. Mbona hakuna aliyegusa tarehe? Mgosi kaumikwa mwezi ngapi? Kama sio 17, 19 au 21 ya mwezi mwandamo ndio maana anawashwa. Mwezi unavuta damu kama unavyovuta bahari, damu chafu inapanda juu.

#44 fundi_baiskeli
Shikamoo nahodha. Ila wewe mtu wa bahari, tuhesabu. Bamvua si ipo mwezi ukiandama na mwezi mpevu? Yaani kwenye 15, 16, 17 maji makubwa kweli. Lakini 21 maji yameshaanza kupungua yanaelekea kufa. Kama ni mvuto wa mwezi, 21 ingekuwa siku mbovu na mwezi mosi ingekuwa nzuri, mbona mwezi mosi haimo?

#45 nahodha_mstaafu
Marahaba. Damu inachelewa, haina haraka kama bahari.

#46 Nesi_wa_zamu
Kwa uzito wa mwili wa mtu tofauti ya mvuto wa mwezi kichwani na miguuni ni ndogo mno, kitanda chenyewe kinakuvuta zaidi ya hapo.

#47 Ustadh_Mdogo
Tarehe hizo zimepokewa, Tirmidhi na Ibn Majah wanazo, na mtu anazifuata kwa kuwa zimepokewa. Mkianza kuzitafutia bamvua mtagombana mpaka asubuhi. Na mgonjwa akihitaji siku yoyote anafanya.

#48 mwana_wa_Duga
Kitu hamjagusa ni wembe. Mgosi uliuona ukifunguliwa?

#49 Mgosi_wa_Makorora
Wembe ndio, kaufungua mbele yangu kwenye karatasi yake. Vikombe sikuangalia, vilikuwa kwenye beseni la maji.

#50 Nesi_wa_zamu
Beseni la maji gani sasa... Virusi vya homa ya ini B vinaishi nje ya mwili hata siku 7, damu ikishakauka bado vimo. Vikombe vya damu ni vya mtu mmoja, akitoka vinatupwa au anaondoka navyo kwake. Kumwagia Dettol na kusuuza hakutoshi. Mgosi usihangaike usiku huu lakini nenda kapime homa ya ini na VVU, waeleze tarehe, watakwambia urudi lini kupima tena. Na uliza kuhusu chanjo ya B kama hukuwahi. Kama ni ndani ya saa 72 waambie wazi wazi, wao ndio wataamua kama unahitaji dawa za kinga.

#51 Ustadh_Mdogo
Hapa naungana na nesi moja kwa moja. Mpigaji anayerudia vikombe vya damu anatuharibia kazi sote. Vikombe vya plastiki vinauzwa, sio ghali, mteja anunue vyake aende navyo.

#52 Mgosi_wa_Makorora
Mmenitisha ila sawa, kesho asubuhi naenda. Nimeoga tayari maji ya vuguvugu, muda ulitimia, mama mkwe alikuwa sokoni.

#53 Sigitiba
Hahaaa. Na lile sharti jingine?

#54 Mgosi_wa_Makorora
Lile halikuhusu.

#55 mke_wa_fundi
Habari za humu, nimeingia kwa sababu ya shuka. Mume wangu huyu fundi_baiskeli kalala na chale zake juu ya shuka langu jeupe la harusi, nimelichemsha na sabuni damu imekuwa rangi ya chai haitoki. Nifanyeje?

#56 bi_mkubwa_Chumbageni
Uliianza na maji ya moto ndio maana, damu ikipikwa inashika. Siku nyingine loweka maji ya baridi na chumvi kwanza, usugue kwa sabuni ya mche, ndio uende kwenye moto. Hilo sasa jaribu ndimu na jua kali, lisipotoka lipake rangi.

#57 fundi_baiskeli
Bi mkubwa leo ndio umeruhusu maji ya baridi?

#58 bi_mkubwa_Chumbageni
Shuka haina mishipa.

#59 mke_wa_fundi
Ahsante bi mkubwa. Na mvae glovu mkifua damu ya mtu au hata mfuko wa nailoni mkononi, nimesoma hapo juu kwa nesi nikashtuka. Fundi njoo nyumbani, ndimu zimeisha.